Mzee Ulimbo Abanduka Karakanani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuunga vitabu vya maktaba yetu, fundi wetu wa majalada atavua aproni na kustaafu rasmi. Jina lake kamili liko kwenye barua za ofisi; humu ndani sote tunamwita Mzee Ulimbo. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake. Sivyo. Ulimbo ni ile gundi ya kunasia ndege, na yeyote aliyewahi kuchungulia karakana yake akiwa na haraka anajua jinsi alivyonaswa.

Aliajiriwa kubeba vitabu. Alipopelekwa chumba cha chini kumsaidia fundi aliyemtangulia, kazi yake ilikuwa kukoroga uji wa unga wa ngano wa kubandikia karatasi, basi. Lakini yeye alitaka kujua kwa nini unga na maji, ambavyo kila kimoja peke yake hakishiki kitu, vikipikwa pamoja vinashika jalada miaka na miaka. Akaambiwa akoroge kwanza, maswali baadaye. Hayo maswali ya baadaye ndiyo yaliyomweka hapa mpaka leo.

Kila aliyeingia aliulizwa kwao gundi wanaiitaje na wanaitengeneza kwa kitu gani. Ndivyo alivyokusanya embwe, utomvu, sandarusi na mengine mengi, na kila alipopata neno alitafuta na kitu chenyewe akakijaribu kwenye vipande vya karatasi. Tuseme kweli, alituchosha kidogo. Ukisema bahasha imeganda kumbe imenata tu, chai yako ilipoa ukielezwa tofauti.

Siku mhasibu wetu alipotia gundi kali ya dukani kwenye kisigino cha kiatu bila kukivua, akajikuta hatoki kwenye zulia, Mzee Ulimbo ndiye aliyefika wa kwanza. Tukashukuru. Kumbe alitaka kwanza kujua zulia lenyewe ni la sufu au la plastiki. Mhasibu alirudi nyumbani na kandambili za kuazima, na kiraka cha zulia kipo hadi leo.

Mafanikio yake yako rafuni: magazeti ya zamani, ramani, hadithi za watoto zilizochakaa kwa kupendwa. Gundi isiyokubali kubanduliwa hakuiruhusu iguse kitabu hata siku moja. Alisema atakayekuja baada yake naye atataka kukifungua.

Lakini mimi wa mapokezi, nikiachiwa nichague kazi yake moja, nachagua picha ya marehemu mama yangu. Ndiyo pekee niliyo nayo. Msimu ule wa mvua paa letu lilivuja, unyevu ukaingia kwenye fremu, picha ikang'ang'ania kioo. Kaka yangu alishauri tuichokonoe kwa kisu. Nikaikimbiza karakanani, na Mzee Ulimbo akauliza nani aliyeipaka gundi. Hakuna. Macho yakamng'aa, nami nikakasirika, maana mimi nilikuwa nampoteza mama mara ya pili na yeye amepata fumbo.

Fumbo lile alilipeleka kwa mpiga picha mstaafu mwenye duka ng'ambo ya barabara. Huyo akamweleza kwamba picha za zamani zina utando juu yake, uliopikwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, ndugu kabisa wa gundi ya maseremala wa kale. Picha yenyewe ndiyo gundi. Ilipolowa, ikashika kilichokuwa karibu. Na gundi ya namna hiyo maji huilegeza.

Nilikuwa napita mlangoni kwake bila kuthubutu kuuliza. Alasiri moja akaniita. Mama alikuwa amelala juu ya kitambaa chenye maji, mzima, hata hereni zake. Nililia palepale. Mzee wetu hakuwa na leso, akanipa karatasi ya kunyonyea wino.

Wiki iliyopita nilikwenda kwao kukusanya habari za kuandika hapa. Mkewe akafungua kabati, huku anacheka, akanionyesha picha ya harusi yao. Nayo iliganda kiooni mvua zilezile. Kumbe kabla ya kumgusa mama yangu, Mzee Ulimbo alijaribu kwanza yao. Alitumia maji ya uvuguvugu, utando ukayeyuka. Bibi harusi alitoka salama. Bwana harusi, kuanzia kola kwenda juu, alibaki kwenye kioo. Ndipo akajua kwamba ya mama yangu inataka maji baridi na subira. Mkewe anasema aliombwa ruhusa, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba akipotea mtu asiwe yeye. Miaka yote hii mimi sikuambiwa neno.

Basi siku ya kumuaga, kabla ya chakula, yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara atakuja na kamera yake, na viti viwili vitakuwa tayari. Fremu imetengenezwa na vijana wa karakana, na wameweka kadi nene pembeni ili kioo kisiguse picha.

Mzee wetu, asante kwa mama yangu. Tunakuombea afya, siku nyingi na maswali yasiyokwisha. Na safari hii, uso wako ubaki pichani, karibu na wa mkeo.