Msusi Asiye na Barua ya Mshahara

Kwenye basi la kutoka mtaa wa Oud Metha, ugenini Uarabuni, Belinda alikaa nyuma ya wanawake wawili waliofahamiana vituo viwili tu vilivyopita, baada ya kusikiana wakiongea Kiswahili.

"Kodi ninayo, dada," alisema msusi wa Kitanzania, begi la nguo miguuni. "Leo nimekataliwa nyumba nne. Wenye nyumba wote wanataka barua ya mshahara kutoka kwa mwajiri. Mimi nasuka watu, barua ataniandikia nani?"

"Lakini sheria inawaruhusu?" aliuliza mlinzi wa Kiganda.

"Sheria nitamwonyesha nani? Mwenye nyumba anasema khalas, yaani imeisha, anafunga mlango."

"Sasa utalala wapi?"

Msusi aliinama, akafunga vizuri zipu ya begi lake.

Belinda aligeukia dirisha. Chumbani kwao, mtaa wa Naif, kitanda kimoja kilikuwa wazi tangu Jumatatu, ila mwenye nyumba alishaonya: akiingia asiye na barua, wapangaji wote sita watatoka. Akafungua mdomo, akaufunga.

Basi liliposimama Al Jaddaf, msusi alishuka, begi likimgonga Belinda gotini. "Samahani, dada yangu," alisema kwa upole.

Belinda alivuta goti lake, akaligeukia dirisha tena.