Mkate Mweusi

Kwenye basi la kwenda Mabela, kitongoji cha Maskati, Susan, yaya kutoka Kisumu, alivaa visikizio visivyopiga chochote. Maneno ya kiti cha nyuma yalikuwa matamu zaidi. Mzee Bakhit, aliyesoma Urusi ujanani, alikuwa akimweleza Bi Aliya, jirani yake wa safari tu, kwamba Warusi wakimsifu msichana mwenye afya husema ni damu na maziwa.

“Audhubillahi!” Bi Aliya akamaka. “Hiyo sifa au maradhi?”

“Sifa, bibi.”

“Na wewe na weusi wako huo, walikufananisha na nini?”

“Wengi walisema masizi. Mmoja tu, Vera, alisema mkate mweusi ulotoka tanurini sasa hivi.”

“Mkate! Mtu mzima aitwe mkate, naye afurahi?”

“Kule kuna baridi, bibi. Mkate wa moto watu huukumbatia ndani ya koti.”

Susan, ambaye kazini huitwa “wewe” tu, akajikuta amevua visikizio.

Basi likasimama. Mzee akainuka taratibu, akishikilia viti.

“Nnauulizia kila duka la mikate hapa Maskati,” alisema akishuka. “Wananipa mweupe.”