Bi Ngoja Anaiacha Meza ya Mafuta

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Agosti, Bi Ngoja atavua aproni yake ya bluu, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kuchanganyia, kisha atatoka getini akiwa mstaafu. Ameitumikia karakana hii ya sabuni na losheni kwa miaka thelathini na miwili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu ndimi nitakayesimama kwenye meza yake Jumatatu. Nimeombwa niandike kwa furaha, na nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba naogopa.

Alianza kazi kwenye kufunga maboksi, akahamia kwenye kukata sabuni, na hatimaye akapewa meza ya mafuta makali. Waliomkuta wanasema alikuwa jasiri kupita kiasi. Akiota chunusi, alijipaka mafuta ya mti wa chai vivi hivi, bila kuyapunguza nguvu, uso ukawaka mwekundu naye akacheka kuwa dawa inafanya kazi. Hakuna aliyemwita Bi Ngoja wakati ule. Mwanamke tunayemjua sisi, anayekunusa viganja kabla hujagusa mlango, alikuja baadaye.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili: mti wa chai hauna undugu na chai ya kikombeni. Mlinzi wetu wa zamani aliwahi kuuliza kama mafuta hayo yanatiwa sukari. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, isipokuwa Bi Ngoja, aliyekwenda kununua kufuli la kabati siku hiyohiyo kwa fedha yake.

Sote tuliopita mikononi mwake tumekariri masharti yake. Mafuta hayo hayaguswi na ngozi yakiwa peke yake. Matone matatu kwenye kijiko kizima cha chakula cha mafuta ya alizeti yanatosha, na anayetaka la nne aeleze anamchukia nani. Losheni mpya hupakwa kwanza sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono, kisha unangoja siku nzima, ikiwezekana mbili. Ikiwasha, unaosha na kuachana nayo, hata kama umeshawaahidi shangazi zako wote. Machoni hapana, mdomoni hapana, kwa mtoto mchanga hapana kabisa. Chupa iwe ya kioo cheusi, ikae mbali na jua, na mafuta yaliyozeeka yamwagwe, maana yakikaa sana wazi ndipo yanapoichokoza ngozi. Neno alilolisema kuliko yote ni “ngoja kwanza”, na ndilo lililompa jina.

Tulimtania, tusidanganyane. Karani wa mauzo alikuwa akisema Bi Ngoja angeweza kumwambia bibi harusi asubiri siku mbili kabla ya kuitikia ndiyo. Naye alijibu kwa methali, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, akaendelea kuhesabu matone. Tulidhani ni maneno ya mtu mzima tu.

Jumanne ya wiki iliyopita, wakati wa mapumziko, Bi Ngoja alikwenda kusuuza vikombe. Pale kando ya birika, katikati ya glasi, palikuwa na chupa ndogo ya soda yenye kitu cheupe kama maji. Haikuwa na lebo. Aliifungua, akanusa, akatambua ni mafuta ya mti wa chai. Tulimkuta amekaa sakafuni ameikumbatia ile chupa kwa mikono miwili, midomo imemkauka, akiuliza kwa sauti ndogo nani amekunywa. Tulijihesabu. Tulikwenda kumwita dereva kwenye gari, tukamtafuta fundi wa mashine chooni. Nilitazama glasi niliyokuwa nimeinywea maji muda mfupi kabla, nikaanza kujilamba meno nikitafuta ladha.

Hakuna aliyekunywa. Karani ndiye aliyejimiminia mafuta kidogo akatengeneze losheni nyumbani, akaiacha chupa pale akapokee simu. Hakuwa na nia mbaya. Alianza kueleza kwamba alikusudia kuyapunguza nguvu barabara, kama alivyofundishwa, akaishia njiani alipomwona yule mama analia.

Ndipo Bi Ngoja akatuambia jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulitamka humu ndani. Zamani kila mtu alibeba mafuta kidogo kwenda nayo nyumbani kwa chupa yoyote aliyoipata. Yeye alimpelekea mdogo wake, aliyekuwa na fangasi wa kucha, akitumia chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Aliiosha vizuri sana. Aliosha ndani, nje akaiacha na lebo yake, yenye picha ya mtoto anayecheka na kijiko. Wiki ile mtoto wa mdogo wake akashikwa na kikohozi. Shemeji yake, baba mwema asiye na kosa, akaiona chupa kabatini, akamnywesha mwanawe kijiko kimoja.

Mdogo wake alifika getini kwetu akikimbia, mtoto amelegea begani, shingo haisimami. Bi Ngoja alimnusa mdomo, akajua. Kuna waliosema atapishwe, wengine wakaleta maziwa; yeye alikataa vyote, akachukua ile chupa kutoka mkononi mwa mama mtu, wakakimbilia hospitali. Daktari aliwaambia walifanya vyema kutomtapisha na kuja na chupa. Mengine hakuwaahidi. Mtoto alilala usingizi usioitika jina lake, na Bi Ngoja alikaa kwenye benchi la ukumbini akiogopa kumtazama mdogo wake usoni. Kesho yake mchana mtoto aliamka akililia kiatu chake kimoja, kilichodondoka njiani.

Mtoto huyo tunaye. Ni dereva wetu, Kijiko, mwenye mabega yanayojaza mlango, ambaye siku zote tulidhani jina hilo alipewa kwa sababu ya kupenda kula. Tulimsikia akimwita Bi Ngoja mama mkubwa, tukadhani ni heshima tu. Jumanne ile alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Aliinama akamshika bega, akasema, “Mama mkubwa, mimi mzima. Nitazame, mimi mzima.” Bi Ngoja aliomba lebo na kalamu, akaiandikia ile chupa ya soda neno SUMU, na hapo tu ndipo akakubali kuinuliwa.

Bi Ngoja, uongozi unakushukuru kwa wanafunzi uliowafunza na kwa losheni zilizotoka humu bila kumuunguza mtu. Karani amekununulia kiti cha kupumzikia, na ametuomba tusiandike kwamba alilia dukani. Mimi nakushukuru kwa jambo moja. Jana nilifunga kabati la mafuta, nikafika kituo cha basi, nikarudi kuhakikisha kama nimelifunga. Nilikuwa nimelifunga. Nilibaki nimeshika lile kufuli, nikafahamu ulivyoishi miaka yote hiyo tuliyokuwa tukikucheka.

Nenda kapumzike, mama yetu. Uwe na afya, uwe na wajukuu wasumbufu, na ulale usingizi mzito. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.