Mama Miguu wa Croix-Rousse na Mlango wa Kichochoro

Marehemu Clotilde Josèphe Perrachon, ambaye mteremko mzima wa Croix-Rousse hapa Lyon ulimwita Mama Miguu, alizaliwa tarehe 8 Desemba 1946, saa moja jioni, katika nyumba namba 9, mtaa wa Ourdisseuses. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Barthélemy Jacquemet, mfumaji wa hariri, na marehemu Philomène. Ilikuwa jioni ya sikukuu ya Mama Maria, ambapo Lyon yote huwasha mishumaa madirishani, na mkunga alichelewa kwa sababu ya wingi wa watu kwenye ngazi. Clotilde hakumngoja. "Huyu alitoka mwenyewe," mama yake alizoea kusema, "akaanza kuulizia viatu." Mdogo wake, Gaspard, alifuata mwaka 1950, siku kumi na mbili baada ya siku aliyotarajiwa.

Nyumba walimozaliwa ndiyo yenye kichochoro. Unaingia kwa mlango wa juu, unashuka ngazi thelathini na nane chini ya vyumba vya watu, unakata ua wenye kisima, unatokea mtaa wa Saint-Aubrin. Zamani wafumaji walipitisha humo marobota ya hariri yasilowe mvua. Clotilde alijifunzia kutembea katika ua ule, na kwake kichochoro kilikuwa cha kila mwenye miguu.

Alisoma shule ya masista wa parokia kuanzia mwaka 1952, akapata cheti mwaka 1960. Kukaa kwenye dawati kulimtesa. Sista Léocadie, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia kila baada ya robo saa, "Clotilde, peleka chaki hii darasa la pili." Darasa la pili walimtuma nayo la tatu, na la tatu wakamrudisha nayo kwa Sista. Ni siku ya mahafali tu alipogundua kwamba miaka yote ile ilikuwa chaki ileile.

Mama yake alimtafutia kazi ya kuzungushia uzi kwenye karakana. Alidumu wiki kumi na moja. "Mama, kile kiti kinaniuma hata nikiwa nimesimama," alisema. Aliuza mikate, akafua mashuka ya watu, akachoma njugu kubwa za msimu kwenye gulio la Oktoba. Kila mahali alisifiwa, na kila mahali aliondoka. Hatimaye, tarehe 3 Aprili 1967, aliajiriwa posta kama mpeleka barua, akawa mmoja wa wanawake wachache waliopewa mtaa wa kupanda na kushuka. Alikaa miaka thelathini na mitano, kama mtu wa aina yake anaweza kusemwa kwamba alikaa.

Wengi walioko hapa wanakumbuka jinsi alivyofanya kazi. Barua za kawaida alitia sandukuni. Lakini barua yenye ukingo mweusi, ile inayotangaza msiba, hakuisukuma kwenye sanduku hata mara moja. Alipanda nayo hata orofa ya sita, akabisha, akaikabidhi mkononi, akasimama pale mpaka mwenyewe aifungue. Mkubwa wake mmoja alimgombeza kwa kuchelewa.

"Bibi Perrachon, kazi yako ni kufikisha barua tu."

"Barua haijafika mpaka ifunguliwe, bosi," alijibu, akachukua mfuko wake.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na Anselme Perrachon, fundi viatu wa namba 14, mkabala na mlango wa juu wa kichochoro. Anselme alikuwa mtu wa kukaa. Siku ya harusi alisimama na glasi yake akasema, "Nilimwona anakuja kila mwezi na soli zilizokwisha. Nikajisemea, huyu nikimwacha aende kwa fundi mwingine, nitafunga duka." Mungu aliwajalia watoto wawili, Bénédicte na Rémi. Anselme alifariki mwaka 2009, na tangu hapo Clotilde alizidi kutembea. Misa, sokoni, kwa mgonjwa, kwa jirani aliyekosa chumvi, tena sokoni. Alikula mkate wake na jibini laini lenye vitunguu majani akiwa amesimama mlangoni, kama anayeogopa kuachwa na gari.

Baba yao alipofariki mwaka 1983, ndugu hawa wawili waligawana kazi moja aliyowaachia. Clotilde alifungua kichochoro asubuhi kabla ya Misa. Gaspard, aliyebaki katika nyumba ya wazazi, chini uani, alikifunga jioni. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na minne. Siku ambayo hawakupata nafasi ya kuzungumza, kila mmoja alijua kutokana na mlango kwamba mwenzake ni mzima.

Mwaka 2017 wakazi wa namba 9 walipiga kura kuweka kufuli za namba juu na chini. Baiskeli ziliibwa, wageni waliingia makundi kwa makundi na kelele zao, na wengine waliacha uchafu kwenye ngazi. Clotilde hakuwa na kura, kwa kuwa alihamia ng'ambo ya barabara alipoolewa. Aliposikia matokeo, alishuka mpaka uani, na majirani wote walisikia, kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi.

"Gaspard, na wewe umenyoosha mkono?"

"Nimenyoosha, dada. Wanakojoa mlangoni kwangu. Huko kwako hawafiki."

"Ndoo ya maji huna?"

"Nina miaka sitini na saba. Nimechoka na ndoo."

"Kura yako ndiyo ilikuwa kura yangu, we mtu. Nilikuwa nayo hiyohiyo moja."

"Clotilde, nisikilize kidogo..."

"Lala na kufuli lako."

Wiki iliyofuata Gaspard alimwandikia barua. Hakuipitisha chini ya mlango. Aliitia stempu na kuituma kwa posta, kwa kuwa alijua dada yake aliheshimu barua. Clotilde aliipokea, akautambua mwandiko, akaitia bila kuifungua ndani ya mfuko wake wa zamani wa kazi, uliotundikwa nyuma ya mlango. Ikakaa humo miaka sita. Familia haisemi haya ili kumfedhehesha. Tunayasema kwa sababu yeye mwenyewe aliomba yasemwe.

Kwa miaka hiyo sita hakupita kichochoroni. Alizunguka kwa ngazi za nje, hatua mia moja ishirini na moja, jua na mvua. Machi 2022 madaktari walimwambia moyo wake umechoka na mapafu yamejaa maji, akae nyumbani. Alikubali kwa kichwa. Miguu haikukubali. Bénédicte alipomfichia viatu, alikwenda sokoni na ndala, Januari. Na tarehe 14 Oktoba mwaka huu, asubuhi ya mvua, alianguka kwenye ngazi zile za nje, hatua chache tu kutoka mlango wa chini uliokuwa umefungwa. Alipelekwa hospitali, na hakurudi tena mteremkoni.

Gaspard alikwenda kumwona siku ya tatu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Bénédicte alikuwepo na ndiye aliyetusimulia.

"Ingia, usisimame kama mdai kodi," marehemu alimwambia.

Gaspard akaingia, akakaa. Akauliza, "Barua yangu uliipata?"

"Niliipata."

"Ulisoma?"

"Sikuifungua. Kwani uliandika nini?"

"Namba ya mlango, dada. Waliniachia mimi nichague. Nilichagua sifuri nane, moja mbili."

Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa dada yake, tarehe nane mwezi wa kumi na mbili. Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na alipotulia alikuwa analia.

"Mpumbavu we. Si ungeniambia kwa mdomo?"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza." Akamshika mkono. "Mimi nimewaambia watu miaka thelathini na mitano barua haijafika mpaka ifunguliwe. Yangu nikaitundika nyuma ya mlango. Waambie watu hilo siku ya kunizika, wacheke." Kisha akasema, "Lakini namba hiyo umenipa mimi peke yangu, Gaspard. Na mama mwenye mtoto kwenye kigari, mvua ikinyesha? Na mzee wa orofa ya pili wa kule juu? Wao wamezaliwa siku nyingine."

Gaspard alimjibu kwamba kura ilishapigwa.

Marehemu alipokea Mwili wa Bwana na mpako wa wagonjwa tarehe 30 Novemba. Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, saa nne asubuhi, aliomba avalishwe viatu. Muuguzi alisema hakuna ubaya. Aliitwa na Bwana wakati Bénédicte anafunga kamba ya kiatu cha pili.

Jumanne jioni Gaspard alitoka na bisibisi, akazing'oa kufuli zote mbili. Jirani mmoja wa orofa ya tatu alimwambia kutoka dirishani, "Mzee Gaspard, sisi sote tulikubaliana."

"Najua, nilikuwepo," alisema. "Mkono ulionyooshwa ndio huu."

Kesho yake alizunguka namba 9 na nyumba za jirani na barua arobaini na moja zenye ukingo mweusi. Ana miaka sabini na tatu na goti bovu, na hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani. Hakuacha hata moja sandukuni. Alipanda kila orofa, akabisha, akakabidhi, akasimama pale mpaka mwenyewe afungue. Ndani ya kila barua, chini ya saa ya Misa, aliandika kwa mkono kwamba kikao cha wakazi kuhusu mlango ni Jumanne, tarehe 12, na kwamba safari hii ana kura mbili, yake na ya dada yake. Leo saa tatu asubuhi jeneza la dada yake limepita kichochoroni, kutoka mlango wa chini hadi wa juu, na yeye akiwa mbele.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, Gaspard. Watoto wawili, Bénédicte na Rémi. Wajukuu watatu, Solène, Mathurin na Isaure. Na jozi nne za viatu ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Kesho angetimiza miaka sabini na saba. Familia haiombi maua. Inaomba kila atakayeweza, kesho jioni ya Mama Maria, aitoe glasi moja ya mshumaa dirishani kwake na kuiweka kwenye ngazi za kichochoro. Kikao kitaamua nini Jumanne, familia haijui, na kutojua huko kunatunyima usingizi kama ambavyo kungemnyima yeye. Mpaka siku hiyo mlango uko wazi. Pita.

Dada yetu, mama yetu, bibi yetu: Bwana akufungulie ukibisha, na akupumzishe kwa amani utakapokuwa umemaliza kutembea.