Prosesa Haijazeeka, Wifi

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MHARIRI: Kumbe namba ngeni unapokea upesi hivi! Ya wifi yako inaita mpaka inachoka.

FUNDI: Ah. Wifi. Habari za nyumbani?

MHARIRI: Nyumbani kwa kaka yako ni kuzuri. Simu hii ni ya mama wa mlango wa pili, na salio lake si la kusalimiana. Nisikilize.

FUNDI: Nina wateja dukani, wifi. Nitakupi—

MHARIRI: Hutanipigia. Wiki nzima hujanipigia. Kompyuta yangu.

FUNDI: Si tulishaizungumza? Prosesa imezeeka. Kila chombo kina umri wake, hata sisi.

MHARIRI: Jisemee mwenyewe.

FUNDI: Unataka nikwambie nini zaidi? Ni mimi niliyeifungua, nikaipangusa vumbi, nikaitia dawa mpya ya kupozea. Fundi ni mimi. Wewe kazi yako ni kukata picha na kuunga picha. Kila mtu na lake.

MHARIRI: Na hilo langu ndilo linalokufa. Filamu ya wakunga inatakiwa kesho, na kipande kifupi tu kinanichukua kutwa kukitoa. Mteja ameshasema, safari hii nikichelewa kazi anampa mwingine.

FUNDI: Basi ampe. Kaka si alikwambia, kama kazi imekushinda, pumzika? Hakuna aibu.

MHARIRI: Aliniambia hayo jikoni, tukiwa wawili. Wewe umeyasikia wapi?

FUNDI: Mumeo ni kaka yangu. Tunazungumza.

MHARIRI: Haya, mnazungumza. Mimi nimeipima.

FUNDI: Umepima nini?

MHARIRI: Prosesa. Hapahapa, juu ya meza ya kulia.

FUNDI: [anacheka] Makubwa! Kwa rula, au kwa mizani ya bucha?

MHARIRI: Kwa programu uliyoniwekea mwenyewe mashine ilipokuwa mpya. Umesahau? Ulikaa kwenye kiti hiki, mguu juu ya mguu, ukanihubiria: "Wifi, mashine hupimwa kama mgonjwa. Funga kila kitu, iache ipoe, pima tena na tena, usiamini kipimo kimoja."

FUNDI: Nakumbuka. Na ulikuwa unasinzia.

MHARIRI: Sikusinzia. Nimefuata neno kwa neno. Imepata nusu ya alama za siku ile. Mwenzangu wa kazini ana mashine pacha na hii, tulinunua duka moja siku moja. Yake haijapungua hata kidogo.

FUNDI: Si ndilo ninalokwambia? Yako imezeeka.

MHARIRI: Pacha mmoja awe bibi kizee, mwingine abaki kigoli?

FUNDI: Ni joto. Hicho chumba chenu ni tanuri.

MHARIRI: Nimefungua madirisha yote na feni nimeielekeza ubavuni mwake.

FUNDI: Masasisho basi. Programu nyingine hujisa— [mtandao unakwaruza] —chini kwa chini, bila—

MHARIRI: Unakatika. Rudia.

FUNDI: Masasisho! Yazime!

MHARIRI: Nimeyazima. Na hapo nikawa nimefika mwisho wa akili yangu. Nikainuka niende kunywa maji, mguu ukanasa kwenye waya wa intaneti, ukachomoka. Niliporudi, kipimo kilikuwa kimepanda mpaka juu. Upo?

FUNDI: Nipo.

MHARIRI: Nikaurudisha waya, kikashuka. Nikachomoa, kikapanda. Niambie, fundi: prosesa gani hiyo inayozeeka mbele za watu na kuwa kijana ikiachwa peke yake?

FUNDI: Huenda ni virusi. Siku hizi viko vya kila aina— [mtu anakohoa karibu na simu]

MHARIRI: Nani huyo?

FUNDI: Mteja.

MHARIRI: Mteja wako ana kifua.

FUNDI: Vumbi la dukani. Wifi, ilete nikusafishie vizuri—

MHARIRI: Uliisafisha. Tangu siku uliyoisafisha ndipo ilipoanza kuburura miguu.

FUNDI: Usinitupie mimi lawama! Nilikufanyia bure!

MHARIRI: Ndicho kilichonishangaza. Wewe hata mama yako mzazi unamtoza.

FUNDI: Mama yangu mtoe hapo!

MHARIRI: Nimemtoa. Kikulacho—

FUNDI: Na methali zako pia ziweke. [vitufe vinagongwa] Unabonyezabonyeza nini huko?

MHARIRI: Naandika. Waya nimeurudisha, kipimo kinakwenda. Nataka nione mashine inavyohema ikiwa kazini.

FUNDI: Unaandika nini?

MHARIRI: Maneno tu, kwenye ukurasa mtupu. Endelea, nieleze hivyo virusi.

FUNDI: Virusi... vinaingia kwa barua pepe, vinaingia kwa— ngoja. [simu imefunikwa, watu wawili wananong'ona] Ngoja kidogo, wifi.

MHARIRI: Mimi nangoja. Salio ndilo halingoji.

FUNDI: [kwa haraka] Wifi, ufunguo unamwachia jirani kwa nini? Unakwenda wapi?

MHARIRI: [anaacha kuandika]

FUNDI: Wifi?

MHARIRI: Mimi sijakutajia ufunguo wowote.

FUNDI: Ume— umesema sasa hivi.

MHARIRI: Sijasema. Nimeandika. "Naondoka. Ufunguo namwachia mama wa mlango wa pili." Hayo tu ndiyo yaliyo kwenye kioo hiki, na humu ndani hakuna mtu mwingine.

FUNDI: [mtandao unakwaruza] —nisikilize kwanza. Kaka alinijia hana raha. Anasema unacheka na kompyuta, unajifungia mlango—

MHARIRI: Najifungia kwa sababu narekodi sauti!

FUNDI: Nilimwambia! Hakusikia. Akaniomba programu ya kumwonyesha hapa dukani kioo chako tu, wiki moja, roho yake itue. Ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Ningemkatalia kwa mdomo gani?

MHARIRI: Na wiki hiyo iliisha lini? Miezi, wifi. Miezi nimekaa hapa nikidhani niliyepungua ni mimi. Wateja wawili wamenikimbia. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaifuta, nikaiandika upya, nikaifuta. Aliiona?

FUNDI: Aliiona.

MHARIRI: Akaja jikoni jioni ileile, akashika kikombe changu, akasema pumzika.

FUNDI: Sikujua ingekula nguvu kiasi hicho. Nakuapia.

MHARIRI: Ulijua siku niliyokuletea tena. Uliifungua, ukaangalia ndani, ukanitazama usoni, ukasema prosesa imezeeka.

FUNDI: Ningesema nini, na yeye amesimama nyuma yangu?

MHARIRI: Kama alivyosimama sasa. Mpe simu.

FUNDI: [minong'ono] Anasema... anasema hana la kusema.

MHARIRI: La kutazama analo.

FUNDI: Wifi, usivunje nyumba kwa sababu ya mashine.

MHARIRI: Muulize amemwona nani humo, miezi yote hiyo. Amemwona mwanamume gani?

FUNDI: Hajaona kitu! Wakunga tu. Wakunga na watoto wachanga, asubuhi mpaka jioni, mpaka na mimi nimewazoea kwa sura. Yule mwenye mwanya anachekesha—

MHARIRI: Kumbe na wewe unatazama!

FUNDI: Duka lenyewe dogo, wifi! Nigeukie wapi?

MHARIRI: Hakuona kitu, na bado hakuizima. Kwa nini?

FUNDI: Anasema kutokuona si ushahidi kwamba hakuna... Kaka, hilo mimi siwezi kumwambia. Lisemee mwenyewe. Chukua! [anamnyooshea simu] Hataki simu.

MHARIRI: [mlio mfupi] Hilo ni salio linaaga. Nakwenda kwa dada yangu na kompyuta yangu. Filamu ya wakunga itafika kesho, na nitaimalizia mahali pasipo na waya wa mtu.

FUNDI: Anauliza kama akija sasa hivi mtazungumza.

MHARIRI: Simu uliyomnyooshea ilikuwa na moto? Akija atakuta ufunguo. Haya, mwambie atazame kioo vizuri.

FUNDI: Anatazama. Tunatazama. Wifi, usije uka— Kimezima! Kimekuwa cheusi chote! Umefanya nini?

MHARIRI: Nimechomoa. Na kipimo kinapanda, wifi. Ungekiona kinavyopanda. Kimepita nusu, kimepita pale kilipokwama juzi, sasa— [sauti inakatika]

FUNDI: Haloo? Wifi? Kimefika wapi? Haloo! Salio limekwisha. Kaka, usinitazame mimi.