Mama Philister na Shamba Lisilokwisha Kuvunwa

Philister Mbodze Chengo, ambaye leo tunamlaza kando ya mumewe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 huko Kinango, mtoto wa nne wa marehemu mzee Chengo. Alisoma hadi darasa la saba na akafaulu, lakini karo ikaenda kwa kaka zake. Yeye hakulisema jambo hilo kwa uchungu. Mimi Ashley, mwanawe wa kwanza, ninalisema kwa uchungu.

Mwaka 1984 alifunga ndoa kanisani na Rai, akaja hapa Kinondo. Minazi ilikuwa ya baba. Mama alionyeshwa mchanga uliobaki, akapanda viazi vitamu. Wanaume wakacheka, eti kiazi ni kazi ya wanawake. Haya, kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha. Kila alfajiri alibeba sufuria ya viazi vya kuchemsha hadi Diani, akawauzia wafanyakazi wa hoteli. Mpishi mmoja alipolalamika kuwa kiazi ni kidogo, alimjibu, "Kimalize kwanza, mwanangu, ndipo unitukane."

Baba alifariki mwaka 2012. Hata matanga hayajaanuliwa, baba mdogo Chirau akalitaka shamba. Wazee wakakaa. Mzee Boga, ambaye yuko nasi hapa, akaamua kwamba mtu hatolewi shambani mazao yake yakiwa ardhini: Chirau atalichukua siku mjane na mabinti zake watakapomaliza kuvuna. Chirau akaridhika. Viazi ni miezi minne tu!

Jamani, hakumjua shemeji yake. Mama alivuna tuta moja huku jingine likichipua, na marando aliyoyakata asubuhi aliyapanda jioni. Miaka kumi na mitatu hakumaliza kuvuna. Chirau akija kuuliza, alikaribishwa vizuri: "Karibu, shemeji. Bado kidogo." Kisha akafungiwa viazi vya kumpelekea mkewe.

Mwaka huu figo zilimsumbua sana. Alilazwa Msambweni, na pale kitandani swali lake lilikuwa moja: tuta la karibu na kisima limepandwa? Tulimwambia bado. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025.

Jana baba mdogo alileta vijana wenye majembe. "Chimbeni viazi vyote, wageni wa msiba wale," alisema kwa upole, na watu wakamshukuru! Mimi na mdogo wangu Chiku tulisimama juu ya matuta, tukawaambia vijana watuchimbe sisi kwanza. Ndiyo maana leo mtakula wali. Mtuwie radhi. Nawe baba mdogo, uliyesimama hapo mbele yangu, ninakuheshimu, lakini nimekasirika.

Marehemu ameacha mabinti wawili, wajukuu watano na shemeji mmoja.

Pumzika kwa amani, mama. Tuta la karibu na kisima tumelipanda leo asubuhi, kabla jeneza lako halijatoka ndani.