Thwaite Kaisha

Mchana wa Jumamosi ile ya mwaka 1909, tramu ya Hebbleworth, huko Lancashire, Uingereza, ilijaa wafumaji waliotoka kiwandani moja kwa moja kwenda uwanjani. Enoch Thwaite, winga wa kushoto wa timu ya mji kwa misimu tisa, alikaa nyuma, kofia imemfunika macho, goti limevimba ndani ya suruali. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wakimchambua bila kujua yuko nyuma yao.

"Thwaite kaisha, bwana! Beki akikohoa tu, yeye kashaachia mpira."

"Wee, koma! Aliyetupandisha daraja nani?"

"Mwaka juzi huo! Sasa leo tushangilie kumbukumbu?"

Enoch alitaka kucheka, akakosa nguvu. Tangu Krismasi alikuwa akimficha daktari wa timu goti lile, maana akiachwa timuni, kilichomngoja ni kiwanda cha pamba tu.

Tramu iliposimama, alishuka kidato kimoja kimoja. Yule mlalamishi akamshika kiwiko kwa huruma.

"Taratibu, mzee wangu. Mechi haitaanza bila wewe."

Enoch, mwenye miaka thelathini na mmoja, alimshukuru, akaelekea mlango wa wachezaji. Nyuma yake wale wawili walikuwa bado wanabishana.